Jiko kama Chombo na Jiko kama Chumba: Ufungaji wa Majiko ya Peleti na Utoaji wa Moshi katika Nyumba za Mji wa Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna jiko la peleti linavyofungwa nyumbani na namna moshi wake unavyotolewa nje, kwa kuzingatia mazingira ya mji wa Moshi na vijiji vya miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Hoja yake kuu ni kwamba jiko, nishati, dohani na chumba ni mfumo mmoja, na kwamba usafi wa jiko hauwezi kuthibitishwa kwa kupima chombo peke yake. Hoja hiyo inajengwa kwa njia tatu: kuchambua kazi ambazo moto na moshi hufanya katika nyumba ya mlimani, kukokotoa mvuto wa dohani katika miinuko miwili tofauti, na kusoma upya viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2014 kuhusu moshi wa majumbani. Makala yanaonesha kwamba dohani inayovujisha nusu ya moshi huweza kuliondolea sifa jiko lililofaulu vipimo, na kwamba jiko la peleti lisilo na dohani halifai kutumiwa katika chumba kilichofungwa hata kama moshi wake hauonekani kwa macho. Makala yanapendekeza kwamba ufungaji na ukaguzi wa chumba viwe sehemu ya hesabu ya kila jiko linalosambazwa.

Maneno ya msingi: jiko la peleti, dohani, tungamotaka, nishati safi ya kupikia, Kilimanjaro

1.0 Utangulizi

Mnamo Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo lake kuu ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Gesi ya mitungi na umeme ndizo nishati zinazotajwa zaidi katika mijadala ya umma. Hata hivyo, kwa kaya ambayo kuni zake hukatwa kihambani bila kulipiwa, mtungi wa gesi ni gharama mpya inayojirudia. Kwa sababu hiyo, nishati zitokanazo na mabaki ya mimea, zikiwamo peleti, zinastahili kuchunguzwa kama hatua ya kati baina ya mafiga na gesi.

Umuhimu wa suala hili hauna shaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani, vikiwamo vya watoto wa chini ya miaka mitano. Wanaoathirika zaidi ni wale wanaokaa karibu na moto kwa muda mrefu, yaani wanawake na watoto waliobebwa mgongoni au wanaocheza karibu na mama zao.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatoa njia ya kulitazama tatizo hili. Neno “jiko” lina maana mbili zinazotembea pamoja. Mtu akisema kwamba kaya fulani imenunua jiko, anamaanisha chombo. Akisema kwamba mama yuko jikoni, anamaanisha chumba. Takwimu za usambazaji huhesabu jiko kwa maana ya kwanza, ilhali mapafu ya mpishi hukutana na jiko kwa maana ya pili. Pengo kati ya maana hizo mbili ndilo linaloshughulikiwa na makala haya.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Tungamotaka ni mata yoyote itokanayo na mimea au wanyama inayoweza kutumiwa kuzalisha nishati, kama vile kuni, pumba, mabua na samadi. Peleti ni vipande vidogo vya mcheduara vinavyotengenezwa kwa kusaga tungamotaka, kuikausha na kuishindilia kwa nguvu kupitia matundu ya chuma. Kipenyo chake cha kawaida ni milimita 6 au 8. Peleti hutofautiana na mkaa mbadala kwa kuwa tungamotaka yake haijachomwa kwanza kuwa mkaa.

Dohani ni njia ya wima inayotoa moshi kutoka kwenye jiko hadi nje ya paa. Katika mazungumzo ya kila siku watu husema “bomba la moshi”, na mafundi wengi hutumia jina hilo. Makala haya yanatumia neno dohani kwa mfumo mzima, yaani bomba, viungo, sehemu ya kupenya paa na kofia yake, na neno bomba kwa kipande cha mfumo huo. Mvuto wa dohani ni tofauti ya kanieneo inayotokea kwa sababu moshi wa moto ni mwepesi kuliko hewa ya nje, hivyo hupanda na kuvuta hewa mpya kuingia kwenye jiko. Kaboni monoksaidi ni gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, itokanayo na uunguaji usiokamilika.

3.0 Kazi za Moto na Moshi katika Nyumba ya Mlimani

Jiko jipya huingia katika chumba ambacho tayari kina utaratibu wake. Katika vihamba vya Kibosho, Uru, Marangu, Machame na Rombo, jiko la kuni mara nyingi ni banda linalojitenga na nyumba kubwa, lililojengwa kwa mbao, udongo au matofali na kuezekwa kwa mabati. Mafiga matatu huwekwa sakafuni, na juu yake hutengenezwa dari la miti. Moshi hauna njia maalumu. Hupita katikati ya dari, hutoka kwenye nafasi kati ya ukuta na paa, na unaobaki huvutwa na waliomo.

Moshi huo una kazi. Huivisha ndizi za kutengenezea mbege zilizopangwa darini, hukausha kuni mbichi za kesho, na hufukuza wadudu wanaoshambulia mahindi yaliyohifadhiwa. Moto wenyewe, mbali na kupika, hupasha joto watu wakati wa baridi ya Juni na Julai, hasa katika vijiji vya juu vinavyokaribia msitu. Aidha, mapishi ya eneo hili yanahitaji moto wa muda mrefu. Makande huchemka kwa saa kadhaa, na ndizi za mbege hupikwa katika chungu au pipa ambalo haliwezi kukaa juu ya jiko dogo la kisasa.

Upatikanaji wa kuni nao umebadilika. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu wa upana wa nusu maili kwa ajili ya mahitaji ya wananchi wa mlimani, zikiwamo kuni na majani ya mifugo. Mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa ikajumuisha hifadhi ya msitu, na udhibiti wa uingiaji ukawa mkali zaidi. Kaya nyingi sasa hutegemea miti ya kihambani, hasa migrevilea na matawi yanayopunguzwa kwenye kivuli cha kahawa. Kihamba kinapogawanywa kwa watoto, na miti hugawanywa pia.

Uchambuzi huu una matokeo ya moja kwa moja kwa mfungaji wa jiko. Dohani inayofanya kazi vizuri huondoa moshi pamoja na kazi zake. Kaya isiyoelezwa mapema namna nyingine ya kuhifadhi mahindi, kwa mfano mifuko isiyopitisha hewa, au mahali pengine pa kuivishia ndizi, ina sababu nzuri ya kurudi kwenye mafiga. Kurudi huko si ukaidi wala kutoelimika, bali ni uamuzi wa kiuchumi unaotokana na kazi zilizoachwa bila mfanyaji.

4.0 Peleti na Malighafi Zilizopo

Ubora wa peleti huamua kiasi cha moshi kabla hata ya dohani kufikiriwa. Kwa peleti za mbao za daraja la juu, viwango vya kimataifa vinataka unyevu usiozidi asilimia 10 na majivu yasiyozidi asilimia 0.7. Vipimo hivyo ni kigezo kizuri cha kulinganisha malighafi za mkoa wa Kilimanjaro.

Malighafi ya kwanza ni vumbi la mbao. Mashamba ya miti ya Serikali ya Kilimanjaro Magharibi na Rongai yana misonobari na misaiprasi, na viwanda vya kupasulia mbao huacha vumbi na mabaki. Vumbi hili lina majivu machache na ndilo linalokaribia zaidi kigezo kilichotajwa, iwapo litakaushwa ipasavyo.

Malighafi ya pili ni pumba za mpunga zitokanazo na skimu ya umwagiliaji ya Moshi Chini, iliyokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani. Pumba ni nyingi na hazigombaniwi sana, lakini takribani sehemu moja ya tano ya uzito wake ni majivu, ambayo kwa kiasi kikubwa ni silika. Jiko lililobuniwa kwa peleti za mbao likilishwa pumba hujaa majivu haraka, matundu ya hewa huziba, na moto hugeuka kuwa moshi.

Malighafi ya tatu ni maganda makavu yanayobaki baada ya kukoboa kahawa, kazi inayofanywa pia katika kiwanda cha TCCCo mjini Moshi. Majivu ya maganda hayo yana potasiamu nyingi, na huyeyuka katika joto la chini kuliko majivu ya mbao, kisha huganda kama kokoto kwenye chungu cha moto. Mabaki ya miwa ya kiwanda cha TPC, Arusha Chini, kwa kawaida hayapatikani kwa matumizi ya nyumbani kwa kuwa kiwanda huyatumia chenyewe kuzalisha mvuke na umeme.

Unyevu ni adui wa pili. Mvua huongezeka kadiri mtu anavyopanda mlima upande wa kusini, na katika masika hewa ya vijiji vya juu hubaki na unyevu kwa wiki nyingi. Peleti iliyonyonya maji huvimba na kurudi kuwa unga. Gunia la kawaida halitoshi; ndoo au pipa la plastiki lenye mfuniko, lililowekwa juu ya ubao na si sakafuni, linafaa zaidi.

5.0 Aina Mbili za Majiko ya Peleti

Jina “jiko la peleti” hutumiwa kwa vyombo viwili vyenye mahitaji tofauti, na kuchanganya viwili hivyo ni chanzo cha makosa mengi ya ufungaji.

Aina ya kwanza ni jiko la kupasha joto nyumba, lililoenea Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Peleti huwekwa kwenye sanduku, skrubu inayozungushwa na mota huzidondosha kidogo kidogo kwenye chungu cha moto, na feni husukuma moshi nje. Jiko hili hutegemea umeme kwa kila hatua: huhitaji umeme mwingi wakati wa kuwasha, na kiasi kidogo muda wote linapowaka. Kwa kuwa feni husukuma moshi ndani ya bomba, kiungo chochote kilichoachwa wazi hutema moshi chumbani. Chombo cha namna hii kinaweza kufikiriwa kwa hoteli, nyumba za wageni na makazi ya vijiji vya juu.

Aina ya pili ni jiko dogo la kupikia lenye umbo la ndoo. Peleti hujazwa mara moja na kuwashwa kutoka juu. Joto hugeuza peleti kuwa gesi, na gesi hiyo huungua pale inapokutana na hewa inayosukumwa na feni ndogo ya betri, ambayo huweza kuchajiwa kwa umeme wa jua. Majiko ya aina hii huuzwa bila dohani. Nchini Rwanda, kampuni ya Inyenyeri iliyaeneza katika eneo la Gisenyi kwa kuuza peleti na kuwapa wateja majiko. Vipimo vilivyofanywa majumbani huko vilionesha kwamba jiko likitumiwa vizuri hukaribia usafi wa jiko la gesi. Baadaye kampuni hiyo ilifunga shughuli zake, jambo linalokumbusha kwamba jiko la peleti halina maana pasipo mwenye kuzalisha peleti.

Usafi huo, hata hivyo, una vipindi vyake. Moshi huonekana wakati wa kuwasha na pale peleti zinapoongezwa vibaya juu ya moto. Baada ya gesi kuisha, mkaa mwekundu unaobaki hauna moshi wa kuonekana, lakini hutoa kaboni monoksaidi. Hiki ndicho kipindi cha hatari zaidi katika nyumba za mlimani, kwa kuwa ndipo jiko huonekana safi na lenye joto zuri la kuota. Hatari yake haitofautiani na ile ya kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi na kufunga madirisha.

6.0 Mvuto wa Dohani katika Miinuko Tofauti

Wapo wanaodhani kwamba dohani haifanyi kazi vizuri mlimani kwa kuwa hewa ni nyepesi. Ukokotoaji mdogo unaonesha kwamba suala hilo lina pande mbili. Mvuto hutegemea vitu vinne: urefu wa dohani, kanieneo ya hewa, halijoto ya nje na halijoto ya moshi.

Ichukuliwe dohani ya mita 3 yenye moshi wa wastani wa nyuzi 150 za Selsiasi. Mjini Moshi, kwenye mwinuko wa takribani mita 800, halijoto ya nje ikiwa nyuzi 28, mvuto huwa karibu paskali 9. Katika kijiji kilicho mita 1,500, jioni yenye nyuzi 15, mvuto huwa karibu paskali 9.6. Hewa ya juu ni nyepesi, lakini baridi ya nje huongeza tofauti ya uzito kati ya hewa na moshi. Mwinuko, kwa hiyo, si kisingizio cha dohani mbovu.

Tatizo liko kwenye halijoto ya moshi. Moshi ukipoa hadi nyuzi 60, kama inavyotokea wakati wa kuwasha, au katika bomba jembamba la bati lililopigwa na upepo wa usiku, mvuto katika kijiji hicho hushuka hadi karibu paskali 4, yaani chini ya nusu. Jiko la peleti huathirika kirahisi kwa sababu hutumia joto lake vizuri, na moshi wake hutoka ukiwa umepoa kuliko ule wa jiko la kuni. Hivyo, kadiri jiko linavyokuwa bora, ndivyo dohani inavyohitaji kutunza joto zaidi.

Mwinuko una athari nyingine katika hewa ya kuunguzia. Kilo moja ya peleti huhitaji angalau kilo 6 za hewa ili iungue yote. Katika usawa wa bahari na nyuzi 15, kilo hizo ni kama mita za ujazo 4.9, katika mita 1,500 kwa halijoto hiyohiyo ni kama mita za ujazo 5.9. Feni iliyopangwa kiwandani kwa nchi tambarare inapaswa kusukuma hewa takribani asilimia 20 zaidi. Fundi asiyebadilisha mpangilio huo ataona moto wa rangi ya machungwa iliyofifia na masizi kwenye kioo, na huenda akazilaumu peleti.

Jambo la mwisho ni upepo wa mteremko. Mchana hewa iliyopashwa na jua hupanda mlima. Usiku hewa baridi hushuka. Nyumba nyingi zimejengwa kwa kuchimba mteremko, hivyo ukingo wa nyuma na migomba iliyo juu yake huweza kulingana na paa au kulizidi. Upepo wa jioni, saa ya kupika chakula cha usiku, huvuka ukingo huo na kushukia paa, ukisukuma moshi kurudi ndani. Kanuni iliyozoeleka kimataifa inataka ncha ya dohani izidi kwa angalau mita 0.6 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka hapo. Kwenye mteremko mkali kanuni hiyo ni mwanzo tu. Ukingo wa ardhi na miti ya upande wa juu navyo vihesabiwe.

7.0 Utaratibu wa Ufungaji

Hatua ya kwanza ni kukagua chumba. Fundi apime ukubwa wake, aangalie madirisha, nafasi za chini ya paa na dari, na aulize nini hupikwa, kwa muda gani, na nani hulala karibu. Kama chumba hutumiwa kwa kulala, jiko lisilo na dohani lisifungwe humo kwa hali yoyote.

Hatua ya pili ni kuchagua mahali. Jiko likae juu ya sakafu ya saruji au bamba lisiloungua, karibu na ukuta ambao bomba litapanda moja kwa moja. Bomba la wima lina faida kuliko lenye kona. Panapolazimu kipande cha mlalo, kiwe kifupi na kipande kidogo kidogo kuelekea dohani, walau sentimita 3 kwa kila mita, ili majivu yasitulie humo.

Hatua ya tatu ni bomba lenyewe. Jiko la kupasha joto lenye feni huhitaji bomba la kipenyo kilichotajwa na mtengenezaji, kwa kawaida milimita 80 au 100, lenye kuta mbili na viungo vyenye mpira wa kuzuia uvujaji unaostahimili joto. Bati jembamba la kawaida halifai. Mvuke wa moshi huganda ndani yake usiku na kulitoboa. Chuma cha pua hugharimu zaidi lakini hudumu. Mwanzo wa sehemu ya wima uwekwe kiungo cha umbo la T chenye mfuniko chini, ili majivu yaondolewe bila kubomoa bomba.

Hatua ya nne ni kupenya paa. Mapao, papi na dari vikae mbali na bomba kwa umbali uliotajwa kwenye kibao cha mtengenezaji. Bomba la ukuta mmoja huhitaji karibu nusu mita kutoka kwenye mbao. Tundu likatwe karibu na mgongo wa paa, ambako maji yanayoshuka ni machache. Bati la kuzibia liingie chini ya bati la juu na lilale juu ya bati la chini, ili mvua ya masika isifuate bomba hadi ndani. Ncha ifunikwe kofia ya mvua isiyobana moshi. Nyumba iliyoezekwa kwa nyasi au majani isitobolewe paa. Jiko lihamishiwe kwenye banda la mabati.

Hatua ya tano ni hewa ya kuingia. Moshi hauwezi kutoka kama hakuna hewa inayochukua nafasi yake. Tundu la chini la ukutani, lenye wavu wa kuzuia panya, liachwe wazi daima. Nyumba mpya za mjini zenye madirisha ya alumini na milango inayobana huhitaji tundu hilo kuliko banda la zamani la mbao.

Hatua ya sita inahusu jiko dogo la kupikia. Kwa kuwa halina mahali pa kuunganisha bomba, linaweza kuwekwa chini ya kofia pana ya bati inayokusanya moshi na kuuingiza kwenye dohani. Kofia za namna hiyo zilijaribiwa katika nyumba za Wamasai wa Kajiado, Kenya, kati ya mwaka 1998 na 2001, na zilipunguza moshi wa ndani kwa zaidi ya nusu. Katika tambarare yenye joto, kibaraza kilicho wazi hufanya kazi hiyohiyo bila gharama.

Hatua ya saba ni majaribio na makabidhiano. Jiko liwashwe mbele ya wanakaya wakati wa jioni. Karatasi inayofuka moshi ipitishwe kwenye kila kiungo. Moshi wake ukisukumwa na hewa inayotoka, au harufu ya jiko ikisikika hapo, kiungo hakijaziba. Kwa jiko lenye feni, umeme ukatwe makusudi ili kuona kama dohani inaweza kumaliza kutoa moshi uliobaki kwa mvuto wake yenyewe. Isipoweza, iongezwe urefu. Mwisho, kaya ioneshwe namna ya kuondoa majivu na kusugua bomba, na ikubaliane nani atafanya kazi hiyo.

8.0 Viwango vya Chombo na Uhalisia wa Chumba

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2014 iliweka malengo mawili tofauti. Jiko lisilo na dohani lisitoe zaidi ya miligramu 0.23 za chembechembe laini kwa dakika, na gramu 0.16 za kaboni monoksaidi. Jiko lenye dohani limeruhusiwa kutoa hadi miligramu 0.80 na gramu 0.59. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba moshi wa dohani ni salama zaidi. Inatokana na dhana kwamba, kwa wastani, robo tu ya moshi wa jiko lenye dohani huingia chumbani.

Dhana hiyo ikivunjika, kiwango nacho huvunjika. Robo ya miligramu 0.80 ni 0.20, kiasi kinacholingana na jiko lisilo na dohani lililofaulu. Lakini dohani ikivujisha nusu ya moshi, chumba hupokea miligramu 0.40 kwa dakika, karibu mara 1.7 ya kikomo cha jiko lisilo na dohani. Chombo hakijabadilika, cheti chake cha maabara bado ni halali. Kilichobadilika ni kiungo kilicholegea, kona iliyojaa masizi au ukingo uliosahauliwa nyuma ya nyumba. Aidha, malengo yote mawili yamejengwa juu ya makadirio ya ukubwa wa jiko, muda wa kupika na kasi ya hewa kubadilika. Makande ya saa tatu katika banda lililofungwa mwezi Julai yako mbali na makadirio hayo.

Tafiti za afya zinaunga mkono tahadhari hii. Nchini Malawi, utafiti uliohusisha zaidi ya watoto 10,000 katika wilaya za Chikwawa na Karonga, uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2016, haukuona upungufu wa nimonia katika kaya zilizopewa majiko yenye feni yasiyo na dohani. Nchini Guatemala, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulitumia majiko ya kuni yenye dohani; kiwango cha moshi kilichowafikia watoto kilipungua kwa nusu, nimonia kali ikapungua kwa takribani theluthi, lakini upungufu wa nimonia kwa jumla haukuthibitika kitakwimu. Tafiti hizi hazilinganishiki moja kwa moja, kwa kuwa nishati na mazingira yalitofautiana. Zinachokubaliana ni kwamba jiko bora linaloongezwa katika mazingira yenye vyanzo vingine vya moshi halitoshi.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba kudai dohani, ukaguzi na bomba la kuta mbili ni kulifanya jiko liwe ghali kwa kaya zile zile zinazokusudiwa kusaidiwa. Pingamizi hili ni la kweli kwa jiko la kupasha joto. Kwa jiko dogo la kupikia, hata hivyo, suluhisho la bei nafuu lipo: kibaraza katika tambarare, kofia ya bati katika vijiji vya juu, na katazo lililo wazi la kulipeleka jiko chumbani kwa ajili ya kuota. Gharama ya hatua hizi ni ndogo kuliko gharama ya jiko lililosambazwa, likahesabiwa, kisha likageuzwa kiti cha kuku.

9.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonesha kwamba swali la jiko la peleti katika miteremko ya Kilimanjaro si swali la chombo pekee. Peleti za pumba haziungui kama za mbao; baridi ya mlimani husaidia mvuto lakini hupoza bomba; upepo wa jioni hushuka saa ile ile ambayo chakula hupikwa; na moshi unaoondolewa huacha kazi zisizo na mfanyaji. Kila moja ya mambo haya huonekana chumbani, si maabara.

Mapendekezo manne yanatolewa. Kwanza, programu za usambazaji zihesabu jiko kuwa limefika pale tu linapokuwa limefungwa, chumba kimekaguliwa na kaya imefundishwa. Pili, vyuo vya ufundi stadi, kikiwamo cha VETA mjini Moshi, viingize ufungaji wa dohani katika mafunzo ya mafundi bati na waashi, kwa kuwa ndio watakaoitwa bomba litakapovuja. Tatu, peleti zinazouzwa zioneshe malighafi, unyevu na kiasi cha majivu, ili mnunuzi ajue kama zinalifaa jiko lake. Nne, mafiga ya mbege yatengewe mahali pa nje badala ya kupigwa vita, kwa kuwa kazi hiyo haiwezi kufanywa na jiko dogo, na kuikataza huirudisha ndani.

Utafiti zaidi unahitajika kwa kupima hewa ya majiko ya mlimani katika misimu yote miwili, wa joto na wa baridi, kabla na baada ya kufunga dohani. Vipimo hivyo vifanywe pale mpishi anapokaa na kwa kimo cha mtoto aliye karibu naye, na matokeo yarudishwe kwa kaya zilizopimwa katika lugha wanayoielewa.